Neema ya bure, mtu asiye bure

Kila Jumapili kabla ya komunyo, kanisani kwetu Malindi, watu wote hutamka sentensi moja: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Bibi mmoja anayekaa benchi la mbele yangu huisema nusu. Akifika "uingie kwangu" hufumba mdomo. Wenzake wakiendelea na "lakini", yeye ameinama anatazama viganja vyake. Watu wakijipanga kwenda mbele, yeye habanduki.

Ni viganja vya msuka makuti. Kidole gumba cha kulia kimeota sugu pale ukuti unapokunjwa juu ya ufito, na kuna michirizi myembamba ya kukatwa isiyopona kabisa, kwa sababu kabla haijafunga, Jumatatu imeshafika. Alimzika mwanawe wa mwisho, kijana mvuvi, na tangu siku hiyo hajapokea komunyo.

Niliwahi kumuuliza. "Bibi, mbona siku hizi hupokei?"

"Mwanangu, mimi najijua. Mungu hampigi mtu hivi bila sababu."

Nami, kwa uhodari wa mtu ambaye hajawahi kufiwa na mtoto, nikamwambia kwamba Mungu ana makusudi yake, na kwamba ampendaye humjaribu. Akanitazama. Akasema, "Haya," akavuta ukuti mwingine. Mswahili anaijua "haya" ile. Haikubali kitu, inafunga mlango.

Makala hii ni deni ninalodaiwa na "haya" hiyo. Maana kilichomkalisha bibi kwenye benchi ni mambo matatu ambayo Wakristo wengi tumeyasokota kuwa kamba moja: kutostahili kwetu, mateso yetu, na neema ya Mungu. Kamba yenyewe inasomeka hivi: nateseka kwa sababu sistahili, na nikishateseka vya kutosha ndipo nitakapopewa neema. Inasikika kama dini, na mahubiri mengi ya mazishini yamefumwa juu yake. Lakini ukiivuta kidogo inakatika mahali pawili, na panapokatika ndipo Injili yenyewe ilipo.

Walisema anastahili

Sentensi tunayoitamka kanisani ni ya askari wa Kirumi. Mathayo anaisimulia katika sura ya 8, Luka katika sura ya 7. Ni akida wa Kapernaumu, mwenye askari mia chini yake, na mtumishi wake anaumwa. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana neno akida. Babu zetu waliishi chini ya maakida na maliwali, na walijua mtu wa namna hiyo akipita barabarani nani anamwamkia nani kwanza.

Luka ana jambo ambalo Mathayo hanalo. Kwake, akida haendi mwenyewe kwa Yesu. Wanatumwa wazee wa Kiyahudi, nao wanampigia debe: huyu anastahili kufanyiwa jambo hili, analipenda taifa letu, na sinagogi ametujengea yeye. Ni hoja tunayoijua vizuri. Aliyetoa mabati ya kanisa hukaa kiti cha mbele, na mwanawe akiugua padre huja upesi. Yesu anaondoka nao. Wakiwa njiani, akida anatuma marafiki na ujumbe tofauti kabisa: "mimi sistahili wewe uingie chini ya dari yangu."

Tazama nani anasema nini. Wadogo wanasema mkubwa anastahili, na mkubwa anasema sistahili. Neno limetoka kinywani mwa mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya Bwana. Hakuna aliyemtamkia. Nalishikilia hili kwa sababu nimesikia mara nyingi neno hilo likigeuzwa fimbo. Mke mwenye jicho lililovimba anaambiwa avumilie, kwani nani anastahili raha duniani? Kibarua anayedai mshahara wa miezi miwili anaambiwa asiwe na kiburi, sote ni wenye dhambi. Lakini katika kisa hiki neno hili lina nafsi ya kwanza tu. "Sistahili" ni sala. "Hustahili" ni tusi, hata likitoka mimbarani.

Na akida hakuishia hapo. Mtu anayejidharau husema sistahili, kisha akaondoka. Huyu anasema sistahili, kisha anaomba kikubwa zaidi ya walichoomba wazee: usijisumbue hata kuja, sema neno tu. Kutostahili kwake hakukumfunga mdomo, kulimfungua. Mathayo na Luka wote wawili wanaandika kwamba Yesu alistaajabu.

Hapa lazima tutenganishe maneno mawili. Kustahili ni kuwa na dai. Aliyepalilia shamba tangu asubuhi anastahili ujira wake, na asipopewa amedhulumiwa. Mtoto mchanga kwa maana hiyo hastahili kitu. Hajapalilia hata mche mmoja. Lakini analia saa nane za usiku na mama anaamka, na hakuna jirani atakayeuliza mtoto huyo amefanya kazi gani. Ana thamani kabla ya kuwa na dai lolote. Mafundisho ya Kikristo yanasimama juu ya mambo haya mawili kwa pamoja: mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, Mwanzo sura ya 1, na mwanadamu huyohuyo hana dai la kumpelekea Mungu, Warumi sura ya 3. Ukiliacha la kwanza unapata dini ya kujichukia. Ukiliacha la pili unapata Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akimsomea Mungu orodha ya funga zake na zaka zake.

Mwenzake Farisayo yule, mtoza ushuru, alisema maneno machache tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Nampenda aliyetafsiri hivyo. Kwetu "niwie radhi" husemwa ukimkanyaga mtu mguu sokoni, au ukimpita mzee kwa mgongo. Ni neno la adabu, la mtu anayetaka uhusiano uendelee.

Neno "bure"

Kiswahili kina neno ambalo linatupa shida na kutusaidia kwa wakati mmoja. Bure. Maji ya bure ni maji yasiyolipiwa. Kazi bure ni kazi isiyo na faida. Mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. Kwa hiyo mhubiri anapopaza sauti kwamba wokovu ni bure, masikio ya Mswahili yanaweza kusikia mawili: kwamba hautozwi, au kwamba haufai. Na mawazo mengi potofu kuhusu neema yameingilia mlango huo. Kama ni bure, lazima ni rahisi. Kama sikulipa, basi labda nami ni wa bure.

Nilidhani ni udhaifu wa lugha yetu, mpaka nilipoonyeshwa kwamba Kigiriki cha Paulo kina mtego uleule. Katika Warumi 3:24 anasema watu "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake". Katika Wagalatia 2:21 anasema kama haki ingepatikana kwa sheria, "basi Kristo alikufa bure". Kwa Kigiriki ni neno moja mahali pote pawili, dorean, na watafsiri wetu wakaweka neno moja vilevile. Paulo amelitumia neno hilo kwa maana zake mbili, na zikiwekwa pamoja zinasema hivi: ama unapokea bure, ama Kristo alikufa bure. Huwezi kulipa nusu.

Yohana 15:25 inalo pia: "Walinichukia bure." Yaani bila sababu. Wakamchukia bila sababu, naye akawapenda bila sababu, na neno ni hilohilo.

Neema lenyewe ni neno la Kiarabu tulilolipokea zamani, na kabla halijaingia makanisani lilikuwa na linabaki la mashambani na baharini: mwaka wa neema, mvua ya neema, neema ya samaki baada ya kusi kutulia. Hakuna mvuvi anayesema kaskazi imekuja kwa sababu yeye ni mwema. Anashusha chombo tu.

Mithali ya vibarua, Mathayo sura ya 20, Mswahili anaisoma kwa urahisi kuliko watu wengine wengi duniani, kwa sababu saa zake ni saa zetu. Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Wazungu huhitaji maelezo pembeni kujua ni wakati gani. Sisi tunajua: saa kumi na moja jua limekaribia minazi, na anayesimama barabarani saa hiyo akisubiri kuajiriwa ameshakata tamaa, anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Wapo wa namna hiyo njia yote ya Gongoni hadi Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ambako asubuhi huchaguliwa wenye nguvu na wengine wakabaki wamesimama.

"Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" Jibu lao halina kujitetea: "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Jioni wanalipwa dinari moja, sawasawa na walioanza alfajiri. Waliotangulia wananung'unika, na nina hakika ningenung'unika nao. Mwenye shamba anamuuliza mmoja wao kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Jicho ovu ndilo tunaloliita kijicho. Hakuna aliyepunjwa katika hadithi ile. Kinachouma ni kuona mwingine akipewa asichodai. Na jambo ambalo husahauliwa: dinari ile ilikuwa chakula cha siku. Mwenye shamba alihesabu njaa, hakuhesabu saa.

Jirani yangu muuza samaki, Mwislamu, nilipokuwa namweleza haya huku akiparua magamba, alinikata kauli: "Kwani sisi hatuna? Mtume wetu mwenyewe amesema amali haimwingizi mtu peponi, hata yeye, ila Mungu amfunike kwa rehema yake." Ni kweli, hadithi hiyo ni mashuhuri. Tofauti yetu inaanzia mbele kidogo, pale Mkristo anaposema rehema hiyo ilichukua mwili ikatundikwa msalabani. Lakini hapo kwenye meza ya samaki tulikuwa tumekubaliana zaidi ya wahubiri wengi.

Ugomvi wa Mwafrika na Mwingereza

Wazo hili halikupita bila vita. Mwanzoni mwa karne ya 5 aliishi Roma mtu mmoja kutoka Uingereza ya leo, Pelagio, mwalimu mwenye maisha safi. Aliwaona Wakristo wa Roma wakizembea, kila mmoja akijitetea kwamba mwili ni dhaifu. Siku moja akasikia sala ya askofu mmoja wa Afrika ikisomwa: nipe uwezo wa kutenda unachoniamuru, kisha niamuru utakalo. Ilimkasirisha. Kama Mungu anaamuru, alisema, basi mtu anaweza, asingeamuru lisilowezekana. Jitahidini.

Sina haraka ya kumcheka Pelagio. Kila mwalimu wa nidhamu ni Pelagio kidogo, na kila mzazi.

Askofu yule alikuwa Agostino, mzaliwa wa Thagaste, nchi ya Algeria ya leo, mwaka 354. Alijijua. Alikuwa ameishi miaka mingi akitaka kuacha mambo fulani na kutotaka kuyaacha, na akagundua kwamba kinachougua ndani ya mtu ni utashi wenyewe. Kumwambia mgonjwa wa miguu "simama utembee kwa daktari" ni kumdhihaki. Daktari ndiye aje. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago mwaka 418 ulimpa Agostino haki dhidi ya Pelagio, na ule wa Orange mwaka 529 ukathibitisha kwamba hata ile hamu ya kwanza ya kumtafuta Mungu ni zawadi yake. Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, hawakumfuata Agostino katika yote. Wao husema tulichorithi kwa Adamu ni mauti, si hatia. Lakini neema wanaiimba kuliko sisi.

Miaka elfu baadaye ugomvi ukarudi kwa sura nyingine. Martin Luther, mtawa wa shirika lililojiita kwa jina la Agostino, alifunga, akakesha, akaungama mpaka wakubwa wake wakachoka, na bado hakujua kama ametosha. Mwaka 1517 akaanza kupinga vyeti vya rehema, vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, vilivyokuwa vikiuzwa. Mtaguso wa Trento ukamjibu mwaka 1547. Walichokubaliana hakisemwi sana: wote wawili walifundisha kwamba mtu hawezi kuanza safari kwa nguvu zake. Walichogombania ni nini kinatokea baadaye, kama neema inamhesabia mtu haki tu au inambadilisha kweli, na kama matendo yake yana nafasi. Damu ilimwagika kwa hilo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wakatia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, bila mastahili yetu, na kwamba neema hiyo hutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kumbe karibu karne tano.

Neno mastahili, ambalo Wakatoliki tunalo katika katekisimu, huwatia wenzetu wasiwasi. Wanadhani tunaweka akiba mbinguni kama chama cha ushirika. Agostino alilimaliza jambo hilo zamani kwa sentensi moja: Mungu akiyavika taji mastahili yetu, anazivika taji zawadi zake mwenyewe. Na Luther, alipofariki Februari 1546, karibu naye ilikutwa karatasi aliyoandika siku mbili kabla. Mwisho wake ulisema: sisi ni ombaomba, hii ni kweli.

Mateso si nauli

Sasa kipande cha pili cha kamba, kile kilichomkaba bibi. Je, anayeteseka anaadhibiwa?

Marafiki wa Ayubu walidhani hivyo. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja, wakamwona, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Matanga ya kwetu huanza hivyo hivyo, mtu anaingia, anakaa mkekani, ananyamaza. Shida ilianza walipofungua midomo. Kwa sura nyingi wakamweleza kwamba Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo lazima amekosa mahali. Walisema maneno mengi mazuri juu ya Mungu. Na katika sura ya mwisho, ya 42, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu, aliyelaani siku aliyozaliwa! Niliposoma tena mstari huo baada ya "haya" ya bibi, nilijiona nimekaa katikati ya Bildadi na Sofari.

Yesu aliulizwa swali hilohilo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Hakuna, alijibu. Na kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alisema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakueleza mnara ulianguka kwa nini. Alikataa tu kuugeuza hukumu.

Bila shaka yako mateso tunayojiletea. Anayekunywa mnazi asubuhi hadi asubuhi asimwulize Mungu kuhusu ini. Lakini bahari iliyomchukua kijana wa watu haikusoma daftari la dhambi za mama yake.

Kipande cha tatu ndicho cha hatari zaidi, na sisi wa Malindi hatuwezi kukizungumza kwa nadharia. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara kutoka mjini kwetu. Ilitolewa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwa mingi, ikaletwa mochari ya hospitali ya hapa. Kwa majuma familia zilikaa nje zikisubiri vipimo vya vinasaba, na upepo ukigeuka mtaa mzima ulijua. Manusura walisimulia kwamba walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri na wenzake walishtakiwa, wakakana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Mimi nazungumzia fundisho lenyewe, kwa sababu mbegu yake naiona hata katika makanisa ya kawaida kabisa.

Mbegu hiyo ni kuyafanya mateso kuwa nauli. Kwamba mbinguni kuna gari, na utingo wake hapokei sarafu nyingine ila maumivu. Mwenye njaa zaidi amelipa zaidi. Anayesema hivi huonekana mcha Mungu kuliko wote, kumbe amekana neema kwa jina la neema, kwa kuwa kinacholipiwa, hata kwa njaa ya mtoto, si zawadi tena. Kwaresima yenyewe ina mwisho uliopangwa: Pasaka, na watu wanakula. Na Isaya sura ya 58 inasema saumu aliyoichagua Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Saumu isiyomshibisha mtu hata mmoja ina shaka.

Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili, ugonjwa au taabu ambayo hakuitaja. Alisali mara tatu iondolewe. Kumbuka hilo: hakuishukuru kwanza, alitaka itoke. Jibu lilikuwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Halisemi mwiba ni mzuri. Halisemi mwiba ndio uliomnunulia neema. Linasema neema ilikuwepo mwiba ukiwa bado umechoma. Paulo huyohuyo alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, yaani dawa ya siku hizo. Kumeza vidonge si upungufu wa imani.

Na msalaba? Hapa Mkristo anasema jambo ambalo Ayubu hakuambiwa: Mungu mwenyewe alikaa mkekani pamoja na wafiwa, kisha akafa. Kilio alichopaza ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, "mbona umeniacha?" Kama hilo linaweza kuwa neno la Mwana wa Mungu, basi mama aliyefiwa akilisema hajakufuru. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado waliiweka kitabuni.

Linabaki swali la wajanja: kama neema ni bure, si tufanye dhambi izidi? Paulo aliulizwa, akajibu "Hasha!" Anayepewa mvua ya bure bado hulima, lakini hakulima ili mvua inyeshe.

Wiki iliyopita nilirudi kwa bibi. Nilimkuta chini ya mwembe wake, rundo la makuti upande mmoja, fito upande wa pili. Sikuanza na maelezo. Nilikaa. Baada ya muda nikamwambia, "Bibi, siku ile nilisema ovyo. Niwie radhi."

"Ulikuwa unatafuta la kusema," akasema. Akanisogezea kikombe cha chai.

Akaniuliza maneno yale ya kanisani yametoka wapi. Nikamsomea Mathayo kwenye simu, polepole, mpaka pale pa dari. Akacheka kidogo. "Mimi sina dari, mwanangu. Nina makuti, tena yangu mwenyewe ndiyo yanayovuja."

Nikamwambia hata kanisa dogo la Wareno kule ufukweni, karibu na makaburi, limeezekwa makuti. Hilo halikumshughulisha. Alikuwa anawaza jingine.

"Huyo mtumishi," akasema, "yeye alisema nini?"

Nikatazama tena. "Hakusema kitu, bibi."

"Hakuomba?"

"Hakuomba. Imeandikwa amelala nyumbani, amepooza, anaumwa sana."

"Na akapona."

"Saa ileile."

Alikunja ukuti juu ya ufito, akaupigilia kwa kiganja. "Mimi nilidhani natakiwa kuwa yule mkubwa," akasema, akanyoosha mkono kuomba ukuti mwingine.